MAONI SI KIPIMO



Tunaanza na cheni, maana cheni ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Katika karakana moja mjini hapa, ambayo hatuitaji jina, mwenzetu alikuwa akiongoza kwa mikono mtambo wa chuma ulioning'inia. Asubuhi ile mzee mmoja wa kazi alikuwa ameuliza cheni ile ilipimwa lini mara ya mwisho. Msimamizi aliitazama, akaigonga kwa ncha ya kiatu, akasema, "Hii ni nzima. Mimi naona." Kabla ya saa sita cheni ilikatika. Mtambo ukaangukia mguu wa kushoto wa mwenzetu. Leo mguu ule una vidole viwili tu, naye hutembea kwa fimbo kutoka Satellite hadi Kawangware akimpeleka mtoto shule.

Baadaye ripoti iliandikwa. Ilisema kwamba wafanyakazi hawakuwa waangalifu, wakatundika mzigo mzito kupita kiasi. Lakini sisi tulikuwa tumeiokota ile pete iliyokatika. Tulipoitazama mahali ilipovunjikia tuliona rangi mbili. Zaidi ya nusu ilikuwa nyeusi yenye kutu. Sehemu iliyobaki iling'aa kama shilingi mpya. Ndugu, watu wa reli wanajua maana ya jambo hilo. Chuma kilichovunjika leo, chote ni kipya ndani. Sehemu nyeusi ni ufa wa zamani, ambao hewa na maji vimeuingia siku nyingi. Basi pete ile ilikuwa ikikatika kidogo kidogo kwa miezi, na asubuhi ile ilimaliza tu kazi iliyokwisha kuanza. Msimamizi alisema, "Mimi naona." Hakuona kitu. Jicho halipimi chuma.

Sasa tutawaeleza habari ya watu waliolijua jambo hili zamani sana, na ya kampuni moja iliyopata riziki yake kwa kuvunja vyuma vya watu wengine. Msomapo, jiulizeni swali moja tu: ikiwa ujuzi huu umekuwako kwa zaidi ya miaka 150, kwa nini mguu wa mwenzetu ulivunjwa?

EKSELI INACHOKA

Tarehe 8 Mei 1842, gari moshi lililojaa watu lilikuwa likirudi Paris kutoka Versailles, nchi ya Ufaransa. Karibu na Meudon ekseli ya injini ya mbele ilikatika. Injini ikaanguka, mabehewa yakapandana, moto wa injini ukayashika. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kutoka nje, kama ilivyokuwa desturi, na abiria hawakuweza kutoka. Watu zaidi ya 50 waliungua.

Ekseli ile haikuwa imebeba mzigo mkubwa kuliko siku nyingine. Jana yake ilibeba, juzi yake ilibeba. Basi kwa nini ikatike leo? Mabwana wahandisi walibishana miaka mingi. Huyu alisema hivi, yule alisema vile. Hayo yote yalikuwa maoni.

Aliyeleta jibu alikuwa mtu wa reli kama sisi. Jina lake August Wöhler, naye alikuwa mkuu wa injini na mabehewa katika reli moja ya Prussia, nchi ambayo baadaye iliingia katika Ujerumani. Tangu miaka ya 1850 hadi 1870 alitengeneza mashine za kujaribu ekseli. Alifunga ekseli, akaipa mzigo wa kuipinda kidogo tu, kisha akaizungusha na kuhesabu mizunguko, maelfu kwa maelfu, mpaka ivunjike. Akaona kwamba chuma chaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule kinachoweza kuubeba mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Chuma huchoka.

Tufanye hesabu yetu wenyewe. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 90 huzunguka mara 350 hivi katika kilomita moja. Reli ya zamani kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 530 hivi. Kwa hiyo ekseli ya behewa huzunguka mara 185,000 na zaidi kabla ya kuona bahari, na kila mzunguko ni kupindwa huku na kupindwa kule. Ikirudi Nairobi imekwisha kupindwa mara karibu 370,000. Nani atasimama kando ya reli aitazame ikipita, kisha aseme, "Ni nzima, mimi naona"?

KAMPUNI YA KIRKALDY

Siku zile zile alikuwako Mskoti mmoja, David Kirkaldy, aliyezaliwa Dundee mwaka 1820. Alifanya kazi katika karakana za Robert Napier mjini Glasgow, palipotengenezwa injini na meli. Mwaka 1858 alipewa kazi ya kupima vyuma vya aina nyingi, ajue kipi kina nguvu na kipi hakina. Alikaa katika kazi hiyo miaka mitatu, na mwaka 1862 akatoa kitabu chenye hesabu zake.

Kirkaldy alitambua jambo ambalo twataka kila mwanachama alikumbuke. Mwenye kiwanda cha chuma akipima chuma chake mwenyewe, atasema ni kizuri. Mjenzi wa daraja akipima daraja lake mwenyewe, atasema halina neno. Muuza nazi hasemi nazi zake ni mbovu. Basi yafaa awepo mtu wa tatu, asiyeuza chuma wala kujenga daraja, ambaye kazi yake ni kupima tu na kuandika alichokiona.

Aliacha kazi kwa Napier, akachora mashine yake mwenyewe, na kwa gharama yake mwenyewe akaagiza itengenezwe na kampuni ya Greenwood & Batley ya mji wa Leeds. Mashine hiyo ina urefu wa mita 14 hivi na uzito wa tani 116. Huendeshwa kwa nguvu ya maji yanayosukumwa, na huweza kuvuta au kukandamiza kwa ratili milioni moja, yaani tani 450 hivi. Unaweka chuma, cheni au kipande cha daraja, unafunga pande mbili, unavuta, na mizani inakwambia kimekatika kwa uzito gani. Haijali mwenye mali ni nani. Lodi na mhunzi wa kijijini, mbele ya mashine ile ni sawa.

Mwanzoni mwa mwaka 1866 alifungua mlango wake katika mtaa wa Southwark, London. Mwaka 1874 akahamia jengo alilolijenga kwa kazi hiyo, namba 99, Southwark Street. Juu ya mlango aliandika maneno ambayo kwa lugha yetu ni: UKWELI, SI MAONI. Yako pale mpaka leo.

Baada yake kazi ilishikwa na mwanawe, kisha na jamaa wa mwanawe, mpaka kizazi cha tatu, karibu miaka 100 katika jamaa moja. Kampuni ilifungwa mwaka 1974. Jengo sasa ni makumbusho, na mashine ile kubwa ingali mahali pake.

KIPIMO KILICHOKUJA BAADA YA MAITI

Lakini msidhani kwamba kwa kuwa kampuni ilikuwako, watu walipona. Sikilizeni habari ya daraja la Tay huko Uskoti. Lilifunguliwa mwaka 1878. Mkaguzi wa serikali alikuwa amelipitisha, na waheshimiwa wengi walilisifu. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika tufani, sehemu ya katikati ilianguka na gari moshi likiwa juu yake. Hakupona hata mmoja. Walikuwa watu wapatao 75.

Baada ya hapo ndipo vipande vya daraja vilipopelekwa kwa Kirkaldy. Aliviweka katika mashine. Yale masikio ya chuma cha kusubu, ambamo nondo za kushikilia nguzo zilifungwa, yalikatika kwa mzigo mdogo sana kuliko uliotarajiwa. Mashine ilikuwa London tangu mwaka 1866. Daraja lilijengwa katika miaka ya 1870. Kipimo kingeweza kuja kwanza. Hakikuja kwanza. Kilikuja kuwahesabia sababu wafu.

Sisi wa reli wa nchi hii pia tunajua kilio cha namna hiyo. Mwishoni mwa Januari 1993 gari moshi la abiria la kwenda Mombasa lilitumbukia katika mto Ngai Ndethya, daraja likiwa limeharibiwa na mafuriko. Watu zaidi ya 100 walikufa. Baada ya msiba daima kuna tume, kuna wataalamu, kuna vipimo. Twauliza: wataalamu hao hulala wapi kabla ya msiba?

HATA RANGI YA NGUO HUPIMWA

Wengine watasema kupima ni jambo gumu, ni ghali, ni la nchi tajiri. Basi tuwape habari ya kampuni nyingine. Mjini Chicago, nchi ya Marekani, kulikuwa na kampuni ya Atlas iliyoanza na taa kali za umeme. Tangu mwaka 1915 ilitumia taa hizo kutengeneza jua la uongo ndani ya sanduku, ili wenye viwanda vya nguo wajue rangi itapauka baada ya muda gani. Baadaye ilitoa mashine iliyoitwa Fade-Ometer. Mwaka 1927 ikatoa nyingine iliyoitwa Weather-Ometer, yenye jua na mvua pamoja, ya kupimia rangi za kupaka na vitu vikaavyo nje. Jambo la miaka laonekana kwa majuma. Biashara hiyo ilikua mpaka kampuni kubwa ya AMETEK ikainunua Atlas mwaka 2010.

Hatusemi ni vibaya kupima rangi ya shati. Mtu maskini akinunua shati, afadhali lidumu. Lakini tazameni, ndugu. Muuza shati aliogopa mnunuzi atarudi dukani kulalamika, ndiyo maana akanunua mashine ya kupima. Cheni ikikatika, nani atarudi kulalamika? Aliyevunjika mguu? Huyo hana duka la kwenda. Basi si gharama wala ugumu uliozuia kipimo. Kipimo huenda mahali penye mtu wa kuogopwa. Hapo ndipo penye neno lote.

HAPA NAIROBI

Hata hapa mjini vipimo vipo. Serikali ina maabara ya kupima udongo, saruji na nondo. Shirika la Viwango la Kenya liliwekwa mwaka 1974, mwaka ule ule kampuni ya Kirkaldy ilipofunga mlango. Yako mashine hapa zinazovunja matofali ya zege na kukata nondo kila siku, na vijana wetu waliosoma wanaziendesha.

Hata hivyo, tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, madarasa ya ghorofa yaliyojengwa kwa mbao na mabati yaliporomoka huko Ngando, Dagoretti. Wanafunzi wanane walikufa. Ngando si mbali. Sisi tunaokaa Satellite, Kawangware na Riruta tunapita huko. Watoto wale ni watoto wa vibarua, wa mama mboga, wa askari wa zamu ya usiku. Walipelekwa shule ile kwa sababu ilikuwa karibu na karo yake iliwezekana.

Na kuna jambo jingine zito zaidi, ambalo lingetufanya tunyamaze kama tungekuwa watu wa kudanganyana. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma katika mvua. Watu wapatao 50 walikufa. Jengo lile lilikuwa limekwisha kuonekana baya na kutajwa kuwa ni la kubomolewa. Basi hapo hatuwezi kusema hakuna aliyejua. Ilijulikana. Lakini kodi iliendelea kutolewa, na watu waliendelea kulala humo, kwa maana hawakuwa na pengine pa kulala kwa fedha ile.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba mashine ya Kirkaldy peke yake ingetuokoa. Ukweli uliofungiwa katika faili la ofisi haumzuii mtu asife. Hata ukweli uliopakwa ukutani haumzuii, kama yule anayeuona hana nguvu ya kukataa. Mtu mmoja akikataa kuingia chini ya cheni mbovu, atafukuzwa kesho, na mwingine mwenye njaa atasimama mahali pake. Watu 40 wakikataa kwa pamoja, cheni itabadilishwa kabla ya chai. Ndiyo sababu jambo hili tunaliandika katika karatasi ya chama, wala hatukuwaachia wahandisi.

SHERIA IPO

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu, na wengi wetu hatujaisoma. Inasema kwamba cheni, kamba na vifaa vya kuinulia visitumike kabla ya kupimwa na mtu aliyekubaliwa, na kwamba vilivyo kazini vikaguliwe na mtu huyo angalau kila miezi sita. Inasema uzito ambao kila kifaa chaweza kuubeba kwa usalama uandikwe na kubandikwa mahali paonekanapo. Inasema penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, nasi tuwe na watu wetu humo. Tena inasema mfanyakazi akiona hatari iliyo karibu atoe habari kwa msimamizi, na asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe.

Ndugu, ni wangapi kati yetu tumeiona karatasi ya cheni imebandikwa ukutani? Tumeona kalenda ya duka la vipuri. Tumeona tangazo la kutukataza kuchelewa. Karatasi ya cheni hatujaiona.

Wako wanaosema mfanyakazi hana elimu ya kuelewa cheti cha kipimo. Tunawajibu kwa heshima. Wengi wetu tulisoma shule za misheni, tukaishia darasa la saba au la nane. Huko tulifundishwa kusoma, kuhesabu, na habari ya yule aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Yatosha. Cheti kikisema tani moja na mzigo ni tani mbili, haihitaji chuo kikuu. Kikiandikwa tarehe ya mwaka juzi, twajua kalenda.

Wako pia wanaosema, "Mkianza kudai karatasi, kazi itasimama." Nasi twauliza: siku mwenzetu alipoangukiwa, kazi haikusimama? Ilisimama mchana kutwa. Damu ilioshwa kwa mpira wa maji, na kesho yake cheni mpya ililetwa. Fedha za cheni mpya zilikuwako! Zilikuwako tangu jana yake. Kilichokosekana jana yake ni mtu wa kuogopwa.

TUNAYOYATAKA

Kwanza, kila tawi lichague watu wawili wa kuangalia vifaa vya kuinulia, na waandike katika daftari la chama namba ya kila cheni, kamba na kulabu, na tarehe ilipopimwa. Kisicho na tarehe kiandikwe HAKINA.

Pili, cheti cha kipimo kibandikwe mahali pa kazi, si ndani ya kabati la karani. Tukikiomba, tuonyeshwe siku ile ile.

Tatu, mpimaji asiwe mtu wa mwenye kazi. Mwenye mali asijipimie mali yake, kama Kirkaldy alivyotambua.

Nne, kifaa kikivunjika, kipande kisitupwe wala kufichwa. Kiwekwe mbele ya kamati, kitazamwe na pande zote mbili, ndipo ripoti iandikwe. Isiandikwe ripoti kwanza kisha kipande kitafutwe.

Tano, mwanachama akikataa kusimama chini ya kifaa kisicho na cheti, tawi zima lisimame naye. Hili ndilo linalozibeba hizo nne. Likikosekana hili, zile nyingine ni karatasi tu.

Ile pete tunayo. Imewekwa katika kopo la maziwa pamoja na mafuta kidogo ili kutu isizidi kula ile sehemu nyeusi, maana ile nyeusi ndiyo shahidi wetu. Kila mwanachama anayetaka kuiona aje afisini kwa katibu jioni, baada ya kazi, aishike kwa mkono wake na kuigeuza kwenye mwanga. Akiulizwa kesho na msimamizi kama cheni ni nzima, asijibu, "Naona." Ajibu, "Cheti kiko wapi?"

UMOJA NI NGUVU.